Uliza Fundi wa Raketi: Mkono Mmoja wa Carla

Toleo lililopita niliandika sentensi moja ya kupita tu, kwamba kati ya wachezaji wote wa tenisi niliowaona kwenye runinga ya kibanda changu, mmoja peke yake ndiye ningemfungia nyuzi za raketi bure, naye ni Carla Suárez Navarro wa Uhispania. Nilidhani hakuna atakayeiona. Kumbe! Wiki tatu sasa simu haijapoa. Mteja wangu mmoja wa Parklands alitaka kujua kwa nini si Rafael Nadal, Mhispania mwenzake. Nikamwambia Nadal ana pesa za kulipa. Barua nyingine ililetwa Ngara na kondakta wa matatu, imekunjwa mara nne, haina bahasha. Nimechagua nne. Zile za kuuliza bei ya raketi mpya nitazijibu kwa simu, maana bei hubadilika kabla wino wa gazeti haujakauka.

Fundi, habari za kazi. Binti yangu ana miaka 13. Alijifunza tenisi mwenyewe kwenye ukuta wa nyuma ya ploti, kwa raketi aliyoachiwa na mjomba wake, na bekihendi anapiga kwa mkono mmoja. Sasa amepata nafasi ya mazoezi ya Jumamosi na watoto wengine. Kocha amemwambia mambo mawili: ashike kwa mikono miwili au aache kabisa, na kwamba kwa kimo chake, mita 1 na sentimita 49, asijisumbue sana. Amelia wiki nzima. Wewe uliandika kuhusu huyo Carla. Ni kweli alikuwa mfupi na alipiga kwa mkono mmoja, ama ulikuwa unafurahisha watu? — Mama wa msichana mfupi, Umoja

Mama, ni kweli, wala sikuwa nafurahisha mtu. Carla ana mita 1.62. Alizaliwa Septemba 3, 1988, Las Palmas, katika kisiwa cha Gran Canaria. Ukitazama ramani utakuta kisiwa hicho kiko karibu zaidi na Moroko kuliko Madrid, kwa hiyo mimi humhesabu kama nusu wetu, ingawa hakuna aliyeniuliza. Bekihendi yake ilikuwa ya mkono mmoja hadi mechi yake ya mwisho, na alifika nayo namba 6 ya dunia mwezi Februari 2016.

Kwa msomaji asiyecheza, bekihendi ni pigo la upande wa pili. Unashika raketi kwa mkono wa kulia, mpira unakujia kushoto, nawe unaugonga huku mgongo wa mkono ukitazama mbele. Wengi siku hizi huongeza mkono wa kushoto hapo ili kupata nguvu. Carla hakuongeza. Mkono wa kushoto aliutupa nyuma kama mtu anayefungua pazia, na raketi ikapanda hadi juu ya kichwa. Kuna watu waliokuwa wakitazama mechi zake kwa ajili ya pigo hilo moja, na mimi ni mmoja wao.

Sasa nisimwonee kocha. Ana hoja. Mpira unapodunda na kupanda juu ya bega, mkono mmoja hauna nguvu pale. Ni kama kumwaga ndoo ya maji ukiwa umeinyanyua juu ya kichwa. Mtu mrefu hukutana na mpira huo kifuani. Mfupi hukutana nao sikioni. Tena hapa Nairobi mpira unadunda kwa juu kuliko pwani (nitalieleza hilo kwenye barua ya tatu), kwa hiyo msichana wa 1.49 anayepiga kwa mkono mmoja katika jiji hili ana kazi kweli. Kocha ameiona kazi hiyo. Lililonikera ni hilo la kimo, kwa sababu amelisema kama daktari anayesoma majibu ya maabara.

Carla alitatua tatizo hilo kwa miguu. Ama aliingia ndani akaupiga mpira ukiwa bado unapanda, kabla haujafika begani, ama alirudi nyuma mita mbili tatu akaungoja ushuke hadi kiunoni. Ukichelewa kuamua umekwisha. Watu walikuwa wakimtazama mkono, mimi nilikuwa namtazama viatu: hatua ndogo ndogo, nyingi, kama mtu anayevuka barabara ya River Road saa kumi na moja jioni akiwa amebeba mayai.

Mwaka 2008 aliingia Roland Garros, mashindano makubwa ya Paris, kupitia mchujo. Hayo ndiyo yalikuwa mashindano yake ya kwanza kucheza miongoni mwa yale manne makubwa: Australia, Ufaransa, Wimbledon ya Uingereza na Marekani. Akamtoa Amélie Mauresmo, aliyewahi kuwa namba moja wa dunia, mbele ya Wafaransa wenzake, na akaenda hadi robo fainali. Januari iliyofuata, Melbourne, kwenye yale ya Australia, alikutana na Venus Williams. Venus ana mita 1.85. Tofauti yao ni sentimita 23, upana wa sahani ya ugali. Anayechukua seti mbili ndiye mshindi. Seti ya kwanza Carla akapoteza 2-6. Ya pili akachukua 6-3. Ya tatu ikafika mahali ambapo Venus alibakisha alama moja tu amalize kazi. Hakumaliza. Carla akashinda 7-5.

Wafupi wapo, Mama, tena si wa zamani tu. Jasmine Paolini wa Italia, mita 1.63, mwaka 2024 alicheza fainali ya Roland Garros na ya Wimbledon kwa mpigo. Na Justine Henin wa Ubelgiji, mita 1.67 na mkono mmoja kama wa binti yako, alitwaa mataji saba ya yale makubwa.

Lakini barua yako imenishika mahali pengine, pale uliposema raketi aliachiwa na mjomba. Mjomba ana kilo ngapi?

Siulizi kwa mzaha. Nimefunga nyuzi miaka zaidi ya thelathini, na karibu kila mtoto anayeletwa kwangu akiambiwa mkono wake ni dhaifu huwa amebeba raketi ya mtu mzima. Kuna raketi za wanaume zenye gramu 320 kabla hata ya kuwekwa nyuzi, na mshiko mnene kama mpini wa jembe. Mpe msichana wa miaka 13 kitu hicho, halafu mwambie apige mpira ulio sikioni kwa mkono mmoja. Hata kocha mwenyewe akipewa raketi ya kumzidi vile atalia.

Mwenyewe nilikuwa hivyo. Nilianza kuokota mipira katika klabu moja ya hapa Nairobi mwaka 1981, nikiwa na miaka 11. Tulilipwa kwa saa. Wenyewe wakienda kunywa chai, tulikuwa na dakika kumi hivi za kucheza kwa raketi yoyote iliyoachwa kwenye benchi. Zilikuwa za mbao, nzito kama mlango. Nami nikapiga bekihendi kwa mkono mmoja kwa sababu rahisi sana: mkono wa pili ulikuwa umeshika mipira ya wateja, na ukipotea mmoja unakatwa mshahara. Hakuna aliyeniuliza falsafa yangu ya mchezo. Kufika miaka 14 kiwiko changu cha kulia kilikuwa kimeharibika, na hadi leo mvua ikikaribia kinaniambia kabla ya idara ya hali ya hewa. Nilifikiri ni mkono mmoja ulioniumiza. Miaka mingi baadaye, nilipoipima mojawapo ya raketi zile kwenye mzani wa kibandani, nikaelewa.

Kwa hiyo fanya hivi. Usibishane na kocha, wala usimtoe mtoto Jumamosi, nafasi hizo ni haba. Niletee raketi ya mjomba niipime. Kwa kimo chake anahitaji ya inchi 26, nyepesi. Nina moja ya zamani ambayo mwenyewe aliiacha kwa deni tangu kabla ya korona na sidhani atarudi. Atumie hiyo miezi miwili. Kisha mwombe kocha, kwa heshima, amwangalie upya akiwa nayo. Akisema bado aweke mkono wa pili, basi na auweke, na ule wa kwanza aubakize kwa mipira ya chini inayokatwa, maana hata wenye mikono miwili huachia mmoja hapo. Hakuna atakachokuwa amepoteza.

Na akikuambia tena habari ya kimo, mwulize kama alimpima Angella Okutoyi alipokuwa mdogo. Huyo alilelewa na nyanyake papa hapa Nairobi, na mwaka 2022 akashinda Wimbledon ya wasichana katika mchezo wa wawili wawili, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana katika yale mashindano makubwa manne. Nilifunga kibanda siku hiyo. Sikuwa na mteja, lakini nilifunga kwa heshima.

Mzee, na heshima zote, unatuuzia mbuzi kwenye gunia. Nimeangalia rekodi ya huyo Carla wako. Mataji mawili ya mchezaji mmoja mmoja, kazi nzima! Namba 6 ilitoka wapi? Hesabu zilipikwa? — Kijana wa Kasarani

Kijana, rekodi umeisoma vizuri, ni mawili. Estoril, Ureno, mwaka 2014, alipomshinda Svetlana Kuznetsova, na Doha 2016, alipomshinda Jeļena Ostapenko baada ya kupoteza seti ya kwanza 1-6. Kabla ya lile la kwanza alikuwa amepoteza fainali tano. Tano! Mbili kati ya hizo zilikuwa Estoril hapo hapo, miaka miwili mfululizo, 2012 na 2013. Mwaka wa tatu akarudi Estoril. Mimi ningeshaanza kuamini nimerogwa na uwanja ule.

Hesabu hazikupikwa, ila lazima ujue zinavyopikwa. Orodha ya dunia haihesabu vikombe, inahesabu alama za wiki 52 zilizopita. Kila mashindano yana uzito wake, na alama zako zinakufa zikitimiza mwaka, kama pasi ya matatu iliyopitwa na tarehe. Wakati wa Carla, kikombe cha mashindano madogo kama ya Estoril kilikuwa na alama 280. Ukifika fainali ya Miami na kushindwa, ulipata 650. Ukifika fainali ya Rome na kushindwa, 585.

Sasa twende 2015. Miami alimtoa Venus kwenye robo fainali baada ya kupoteza seti ya kwanza 0-6. Akaenda fainali, akapigwa na Serena Williams, mdogo wake Venus, 6-2, 6-0. Mwezi Mei, Rome, akamtoa Petra Kvitová, akamtoa Simona Halep, akachukua seti ya kwanza ya fainali dhidi ya Maria Sharapova, kisha akapoteza mbili zilizofuata. Jumlisha: 650 na 585 ni 1,235. Fainali mbili za kushindwa zimempa zaidi ya mara nne ya kikombe cha Estoril. Mwaka huo huo alikuwa amefika fainali ya Antwerp pia, ila hakuweza hata kuingia uwanjani kwa sababu ya shingo. Na mwaka uliofuata Doha ikaleta 900 kwa mkupuo. Hiyo ndiyo namba 6 yako. Imetoka kwa mtu anayefika mwisho wa wiki mara kwa mara, Nairobi tungemwita fundi wa kutokosa kazini.

Pale ambapo sina la kumtetea ni hapa: alifika robo fainali saba za yale mashindano makubwa na akapoteza zote saba. Hakuonja nusu fainali hata moja. Nimejaribu kujieleza kwamba alikutana na wakubwa, na ni kweli, lakini saba ni saba.

Ila nikupe mbili za New York, uziweke kando ya takwimu zako. Septemba 3, 2013, siku aliyotimiza miaka 25, alicheza robo fainali ya mashindano ya wazi ya Marekani dhidi ya Serena Williams. Serena alimnyoa bila maji: 6-0, 6-0. Siku yako ya kuzaliwa, uwanja mkubwa kuliko yote ya tenisi, dunia nzima inatazama, na hupati hata gemu moja ya kuonyesha mama. Ningekuwa mimi, ningebadilisha tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho.

Miaka mitano baadaye, Septemba 3, 2018, uwanja ule ule, anatimiza 30. Safari hii ni usiku, dhidi ya Sharapova, ambaye alikuwa amecheza mechi 22 za usiku kwenye uwanja huo na kushinda zote. Kwetu ilikuwa saa nane za usiku na kitu. Niliitazama kwenye simu na bawabu wa jengo la pili, tukiwa tumejifunika gunia moja kwa sababu ya baridi ya Septemba na yeye akiulizia kila baada ya alama mbili kama huyu mdogo ndiye wetu. Nikamwambia ndiye. Carla alishinda 6-4, 6-3. Ya 23 haikuingia. Alipoteza raundi iliyofuata kwa Madison Keys, ndiyo, hiyo ilikuwa ile robo fainali ya saba.

Wewe endelea kuhesabu vikombe. Sikukatazi.

Fundi, mimi ni mwanafunzi, Juja. Nikiwa Mombasa likizoni mipira yangu inaingia vizuri. Nikirudi huku yote inatoka nje. Ni raketi?

Ni hewa. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na huko kwenu Juja hamjashuka sana. Hewa ya juu ni nyepesi, haiukwamishi mpira, kwa hiyo unaruka mbali na kudunda juu. Zipo hata mipira maalumu iliyoidhinishwa kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, na ukinunua ya kawaida usishangae. Madrid, ambako iko mita 650 tu hivi, wachezaji wakubwa hulalamika kila mwaka kwamba mpira haushikiki. Waje Ngara.

Kaza nyuzi ratili mbili zaidi ya za Mombasa. Kama bado inatoka nje, basi samahani, ni wewe.

Mzee wangu, nimesoma kwamba Carla aliugua saratani akapona akarudi kucheza. Dada yangu ana miaka 29, amegunduliwa na ugonjwa uitwao Hodgkin na ameanza kemo mwezi uliopita. Alikuwa anacheza voliboli. Hataki kuongea na mtu. Ni kweli Carla alikuwa na hiyo hiyo? Na aliporudi, alishinda? — Kaka mtu, Kayole

Kaka, pole sana, na mfikishie dada pole zangu.

Ni hiyo hiyo. Mwisho wa 2019 Carla alikuwa ametangaza kwamba 2020 ungekuwa mwaka wake wa mwisho. Alitaka kuzunguka kila uwanja akiaga. Korona ikaja ikafunga viwanja. Kisha Septemba 1, 2020, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 32, akatoa video akasema ana limfoma ya Hodgkin na atahitaji miezi sita ya kemo. Hakulia kwenye video ile. Alizungumza kama mtu anayekupa ratiba ya mazoezi.

Mimi ni fundi wa nyuzi, si daktari, kwa hiyo nitasema lile moja ambalo daktari wake pia atalisema: ni saratani inayoshika mfumo wa limfu, mitoki ile ya shingoni na kwapani, na ni miongoni mwa zile ambazo tiba huwa na matokeo mazuri, hasa ikigunduliwa mapema. Mengine yote mwulize daktari wake, tena mwandike maswali kwenye karatasi kabla ya kuingia, maana ukiwa mle ndani akili huruka. Nilimsindikiza jirani yangu mwaka juzi na tulisahau mambo matatu kati ya manne tuliyotaka kuuliza.

Aprili 2021 Carla akasema amepona. Sasa swali lako la pili. Umeniuliza kwa unyoofu, nami sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Alirudi Roland Garros, mahali alipoanzia. Alicheza na Sloane Stephens. Alichukua seti ya kwanza 6-3, ya pili ikaenda hadi taibreki, gemu ile ya kuamua seti ikiwa sare 6-6, akaipoteza, na ya tatu akaipoteza 6-4. Zaidi ya saa mbili uwanjani, mwaka mmoja hata haujaisha tangu siku ya video. Kisha Wimbledon wakampa uwanja mkuu dhidi ya Ashleigh Barty, namba moja wa dunia, ambaye mwaka huo ndiye aliyebeba kombe. Kisha Olimpiki ya Tokyo, na hapo ndipo alipopata ushindi: alimtoa Ons Jabeur wa Tunisia 6-4, 6-1, Jabeur akiwa ametoka kufika robo fainali ya Wimbledon wiki chache tu nyuma. Raundi ya pili Karolína Plíšková akamtoa. New York akapoteza mechi ya kwanza. Novemba, Prague, akiwa na timu ya Uhispania, akaaga. Ukihesabu kama kijana wetu wa Kasarani, utasema mechi moja tu ya kukumbukwa katika nusu mwaka. Ukumbuke pia kwamba hakuna aliyemlazimisha arudi. Alikuwa ameshasema anaacha, na alikuwa na sababu ambayo hakuna angeihoji. Alirudi kwa sababu alitaka kuondoka mwenyewe kwa miguu yake, kwa mlango alioupanga.

Siku hizi ni nahodha wa timu ya wanawake ya Uhispania. Anakaa kwenye benchi na kuwanong'oneza wadogo zake maneno wakati wa kubadilisha upande.

Kuhusu dada kutotaka kuongea, mwache. Usimpelekee watu wa kumwambia awe na nguvu, amechoka kuambiwa. Mpelekee mpira wa voliboli, uuweke chumbani pale anapoweza kuuona, usiseme neno. Kama ataugusa, ataugusa. Jirani yangu alikuwa fundi cherehani, na kitu cha kwanza alichoomba baada ya kemo ya tatu kilikuwa sindano na kipande cha kitambaa. Hakushona chochote. Alishika tu.

Na siku akiwa na hamu ya kutazama kitu, mtafutie ile mechi ya Wimbledon, Juni 29, 2021. Niliitazama hapa kibandani, saa tisa na nusu alasiri, raketi ya mtu ikiwa imekwama kwenye mashine nusu nyuzi, na mwenyewe amesimama ananiangalia. Seti ya kwanza Carla anapigwa 6-1, unaona kabisa miguu bado haijarudi. Seti ya pili anaanza kuchukua hatua zile ndogo ndogo, bekihendi inaanza kupita pembeni mwa Barty, wanafika taibreki na anaichukua 7-1. Watu wa uwanja mzima wanamshangilia mgeni dhidi ya namba moja. Mwenye raketi aliketi kwenye stuli akasema nisiharakishe.

Mwonyeshe dada seti hiyo ya pili. Ya tatu ikianza, chukua simu yako useme betri imeisha.